Kiambishi Bila Upatanisho: Uhakiki wa Majina ya Faili katika Kiolezo Kimoja cha Programu-Jalizi

Makala haya yanahusu jambo ambalo huenda msomaji wa jarida hili akashangaa kulikuta humu, nalo ni majina ya faili. Faili tunazozikusudia ni zile zinazoandikwa kwa PHP, lugha ya kompyuta inayoendesha tovuti nyingi sana duniani, na hasa zile zilizomo katika kiolezo cha kutungia programu-jalizi za WordPress. Programu-jalizi, kwa asiyelizoea neno hili, ni furushi la faili linalochomekwa katika programu kubwa ili kuiongezea kazi ambayo haikuzaliwa nayo. Kiolezo ni furushi lililokwisha kupangwa, lenye folda na majina tayari, ambalo mtunzi hulinakili kisha akajaza humo kazi yake mwenyewe. Hatukusudii kukihakiki kiolezo hicho kama mafundi wa kompyuta, maana sisi ni watu wa isimu. Lakini mtu aliyezigawa faili katika mafungu, akakipa kila fungu alama yake, na kila faili jina lenye kuchukua alama hiyo, amefanya kazi ya ngeli. Na kazi ya ngeli inatuhusu.

Tuliingia katika jambo hili kwa haja, si kwa udadisi. Semina yetu ilikuwa imekusanya msamiati wa Kiswahili cha migodini kutoka kwa wazee waliofanya kazi Likasi, Kolwezi na hapa Lubumbashi, na ikaonekana vema maneno hayo yawekwe kwenye tovuti ili wanafunzi wa mahali pengine nao wayapate. Palihitajika programu-jalizi ndogo ya kamusi. Wanafunzi wawili waliojua PHP walichagua kiolezo kiitwacho WordPress Plugin Boilerplate, kilichoanzishwa na Tom McFarlin mwaka 2011, naye akakikabidhi kwa Devin Vinson mwezi Machi 2015. Ni kiolezo chenye sifa, na watunzi wengi wamejifunza kazi kwacho.

Mara ukazuka ubishi. Kundi moja lilisema: kwa kuwa kamusi ni ya Kiswahili na tutaifundisha kwa Kiswahili, majina yote ya faili yatafsiriwe. Kundi la pili likajibu kwamba majina ya kompyuta hayaguswi, anayeyagusa huvunja. Makundi yote mawili yalikosea, tena kosa lao ni moja: yote yaliona majina ya faili kuwa ya aina moja. Wala hatuwalaumu, kwa sababu kiolezo chenyewe ndicho kilichowaonyesha hivyo.

Tukieleze kwanza. Ukikifungua unakuta folda nne: admin, public, includes na languages. Nje ya folda hizo zipo faili tatu za PHP: plugin-name.php, uninstall.php na index.php. Maneno plugin-name yameshika nafasi ya jina ambalo mtunzi ataipa programu yake. Ndani ya admin mna class-plugin-name-admin.php, pamoja na folda ndogo iitwayo partials yenye ukurasa wa kuonyeshwa kwa msimamizi. Folda ya public imepangwa vivyo hivyo kwa ajili ya wageni wa tovuti. Ndani ya includes mna faili tano zenye kiambishi class-, zikiwemo activator, deactivator na loader. Takriban kila folda ina index.php yake.

Kwa macho ya haraka huu ni mpango mzuri. Kiambishi cha mbele kinataja aina, katikati limekaa jina la programu, na kiambishi cha nyuma kinataja kazi. Mwanafunzi wetu mmoja alisema kwa furaha kwamba ni sawa na kitenzi cha Kiswahili: unaweza kukichambua kipande kwa kipande. Ni kweli, lakini uchambuzi wa vipande ni nusu tu ya sarufi.

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huambiwa kwamba kiti ni cha ngeli ya KI-VI kwa sababu kinaanza na ki-. Mwaka wa pili huambiwa kwamba alidanganywa kidogo. Kipofu naye anaanza na ki-, lakini tunasema kipofu amepita, vipofu wamepita. Rafiki hana kiambishi cha watu hata kidogo, naye anakuja na anaondoka kama mtu mwingine yeyote. Kitabu kilitoka katika Kiarabu ambako ki ilikuwa sehemu ya mzizi wenyewe. Waswahili wakasikia ki-, wakasema kitabu hiki na vitabu hivi, na ngeli ikawa ya kweli tangu siku upatanisho ulipokubali. Kipilefti cha barabarani kimefuata njia hiyo hiyo hadi kikazaa vipilefti. Bleek na Meinhof walizipa ngeli za Kibantu namba kwa kufuata viambishi vya nomino, na namba hizo bado zinatufaa. Lakini anayetaka kujua neno limo katika ngeli gani haulizi linaanzaje. Anauliza maneno mengine katika sentensi yanaliitikiaje.

Faili nayo ina upatanisho wake. Haijiendeshi yenyewe, bali huitwa. Anayeiita anaweza kuwa seva, yaani ile kompyuta inayopokea maombi ya wasomaji wa tovuti. Anaweza kuwa WordPress yenyewe. Au anaweza kuwa faili nyingine ya programu-jalizi hiyo hiyo. Hapo ndipo penye tofauti kubwa. Ikiwa mwitaji yuko ndani ya furushi, mtunzi ameshika ncha zote mbili za kamba: akibadili jina hapa, abadili na mahali linapoitwa, mambo yatakwenda. Ikiwa mwitaji yuko nje, mtunzi ameshika ncha moja tu. Jina si lake.

Sasa tukitazame kiambishi class-. Kinatuambia nini? Kwamba ndani ya faili mna klasi, yaani kile kifungu cha msimbo kinachobeba data na kazi zake pamoja. Hilo msomaji angelijua mara tu anapoifungua faili, maana neno hilo hilo limeandikwa ndani. Kiambishi hakituambii ni nani anayeiita, wala kama jina laweza kubadilishwa. Tuwe waadilifu: kiolezo hakikubuni alama hii, kimetii kanuni za uandishi za WordPress zinazoagiza hivyo, na katika orodha ndefu inayopangwa kwa alfabeti alama hiyo huzikusanya klasi mahali pamoja. Lakini tazama zilizobaki bila kiambishi: plugin-name.php, uninstall.php, index.php, na zile kurasa za partials. Hizi zimetupwa katika fungu moja la kutokuwa na alama, ilhali hakuna hata aina mbili kati yake zinazopatana. Ni kama mtu aliyezigawa nomino zetu katika mafungu mawili, zenye m- na zisizo na m-, akadhani amemaliza sarufi.

Folda ya includes ina tatizo la namna nyingine. Admin na public zimetajwa kwa kumfuata mtazamaji: msimamizi au mgeni. Includes limetokana na kitenzi, kujumuisha. Lakini faili za admin na za public nazo zinajumuishwa, kwa amri ile ile. Ni sawa na maktaba yenye rafu ya historia, rafu ya dini, na rafu ya tatu iliyoandikwa "vitabu vinavyosomwa". Maelezo ya kiolezo yanaonyesha kuwa humo hukaa mambo yanayotumiwa na pande zote mbili; basi neno lililotafutwa ni "pamoja". Hilo ni kosa dogo, tulipite. Na tulipite pia lile jina i18n, ambalo ni neno la Kiingereza la kufanya kitu kiwe cha kimataifa, lililofupishwa kwa kuhesabu herufi 18 kati ya ya kwanza na ya mwisho. Wanafunzi wetu waliuliza linatamkwaje, nasi hatukuwa na jibu la heshima.

Lisiloweza kupitwa ni uninstall.php.

Kundi la wanaotafsiri lilikuwa limeshinda ubishi kwa siku chache, na mwanafunzi mmoja akabadili majina kwa bidii. Alipobadili jina la faili ya loader bila kubadili mahali inapoitwa, tovuti nzima ilikatika papo hapo, na kwenye kumbukumbu za makosa ukaonekana ujumbe wa kutaja faili isiyopatikana na mstari ulioiita. Akarekebisha kwa dakika mbili. Alipobadili uninstall.php ikawa ondoa.php, hakuna kilichotokea. Kamusi iliendelea kufanya kazi, na sisi tukampongeza.

Faili ile ilikuwa na kazi moja tu. WordPress inapoambiwa iifute programu-jalizi, huangalia katika folda yake kuu kama mna faili yenye jina uninstall.php, jina hilo na si jingine. Ikiiona, huiendesha kwanza, na humo ndimo mtunzi anapoagiza majedwali yake yaondolewe katika hifadhidata. Isipoiona, na kama mtunzi hakusajili njia nyingine, WordPress hufuta faili tu na kutangaza kwamba kazi imekamilika. Hailalamiki, na haina sababu ya kulalamika: programu-jalizi nyingi hazina majedwali ya kuondoa, hivyo kukosekana kwa faili hiyo ni jambo halali.

Katika majedwali yetu hamkuwa na maneno ya migodini peke yake. Mlikuwa na majina ya wazee, mahali walipozaliwa, miaka waliyofanya kazi, na katika safu ya maelezo mlikuwa na waliyoyasema kuhusu wasimamizi wao wa zamani, baadhi yake maneno makali. Tulikuwa tumewaahidi kwa maandishi kwamba majina yao yatakaa kwetu kwa muda wa utafiti, kisha yatafutwa. Muda ulipokwisha tulihamisha kamusi iliyosafishwa mahali pengine, tukaifuta programu-jalizi ya zamani, skrini ikasema imefutwa, nasi tukaandika katika daftari la semina kwamba ahadi imetimizwa. Miezi kadhaa baadaye tovuti ile ilipopewa kikundi kingine, fundi wao alifungua hifadhidata akakuta jedwali zima la wazee wetu lipo, mstari kwa mstari. Bahati nzuri alikuwa mtu muungwana, akatuita kabla ya kusoma zaidi. Kosa lilikuwa letu, na tulikwenda kuwaeleza wale waliokuwa bado hai. Mzee mmoja alituuliza swali ambalo tumelibeba hadi leo: kama kitu kiliitwa "ondoa", kwa nini hakikuondoa?

Swali hilo ndilo lililotufungua macho. Katika kiolezo hiki, majina yaliyo huru hupiga kelele yanapokosewa, na majina yaliyofungwa hukaa kimya. Loader ni jina huru: lingeweza kuitwa kipakizi, mpagazi au vyovyote, mradi mwitaji wake, aliyemo ndani ya furushi, aambiwe, na usipomwambia atapiga ukelele. Uninstall ni jina lililofungwa: mwitaji wake yuko nje, hakuagizwa na wewe, na asipoona jina analolitafuta anapita zake. Mtunzi mpya hujifunza kutokana na kelele. Hivyo anajifunza kuyaogopa majina yasiyo na hatari na kuyazoea yenye hatari. Kiolezo kinachodai kufundisha, na hiki kinadai hivyo kwa haki, kilipaswa kumwonyesha tofauti hii katika majina au mahali pa faili. Badala yake alama pekee iliyomo, yaani class-, imewekwa kwa zile zilizo huru.

Huenda mtu akatuambia kwamba kila faili ina maelezo juu yake, na mwenye kusoma angesoma. Ni kweli: faili ya uninstall katika kiolezo ina maelezo marefu kuhusu tahadhari za kuchukua kabla ya kufuta chochote. Maelezo hayo yanaeleza nini kifanywe ndani. Ngeli ikishafundishwa vibaya kwa kiambishi, tanbihi haiirekebishi.

Faili kuu, plugin-name.php, ina hali ya kipekee inayostahili kutazamwa polepole. Karibu kila mtu huamini kwamba ni lazima jina lake lifanane na jina la folda. Si lazima. WordPress hupita katika faili za PHP zilizo juu kabisa ndani ya folda ya programu-jalizi, husoma kilobaiti 8 za mwanzo za kila moja, na kutafuta maelezo yenye maneno Plugin Name na nukta mbili. Faili yenye maneno hayo ndiyo faili kuu, hata ikiitwa mwembe.php. Kwa hiyo hapa jina halisomwi, kinachosomwa ni paji la uso. Lakini mara programu-jalizi inapowashwa, WordPress huandika njia yake, folda na faili, katika orodha ya zilizo hai. Tangu hapo ukibadili jina, WordPress haitaiona na itaizima. Jina lilikuwa huru siku ya kuzaliwa, likafungwa siku ya kuandikishwa. Katika makabila yetu mengi hakuna atakayeshangazwa na jambo hilo.

Ama index.php, mwitaji wake si WordPress bali ni seva. Faili hizi hazina kitu ndani isipokuwa sentensi moja ya maoni inayousifu ukimya. Kazi yake ni kuwepo tu: seva iliyoruhusiwa kuonyesha orodha ya faili za folda, ikikuta index.php huitoa hiyo badala ya orodha, na mpita njia haoni kitu. Ukiita fahirisi.php, mlango uko wazi, na kwa mara nyingine hakuna atakayekuambia.

Seva husoma pia kiendelezi, yaani herufi zifuatazo nukta, na hapa kiolezo kinastahili sifa. PHP ilitolewa hadharani na Rasmus Lerdorf mwaka 1995, na katika miaka yake ya kwanza faili zake ziliishia kwa .phtml, kisha .php3 toleo la tatu lilipotoka mwaka 1998, kabla ya .php kuenea. Palikuwepo pia desturi ya kuziita faili za kujumuishwa .inc. Ni uainishaji wa akili kabisa: mkia unaonyesha kwamba faili hii haisimami peke yake. Tatizo ni kwamba seva haikufundishwa mkia huo. Mtu akiandika anwani ya faili hiyo katika kivinjari, seva humpa maandishi yake matupu, pamoja na neno la siri la hifadhidata kama limo. Drupal, programu iliyotolewa na Dries Buytaert mwaka 2001, ilichukua njia hii ya mikia: .module, .install, .inc. Msomaji wa kibinadamu hufurahi, kwa sababu aina ya faili inaonekana mwishoni pasipo kuchanganyika na jina. Lakini Drupal imelazimika kuambatana na faili ya .htaccess inayoiamuru seva ya Apache isitoe faili zenye mikia hiyo, na kwenye seva ya aina nyingine isiyosoma .htaccess msimamizi hana budi kuandika katazo hilo upya kwa namna yake. Jina linalohitaji askari mlangoni ni jina la gharama. Kiolezo chetu kimeacha mikia yote iwe .php, na katika hilo kimechagua vyema.

Wenye kutaka kuona ngeli yenye upatanisho kamili na waitazame Moodle, ile programu ya masomo iliyoanzishwa na Martin Dougiamas, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 2002. Humo kila programu-jalizi ina kiambishi cha aina yake: mod_ kwa shughuli za somo, block_ kwa visanduku vya pembeni, qtype_ kwa aina za maswali, na vingine vingi. Watunzi wake wanauita mtindo huo kwa mzaha Frankenstyle, kwa kulichezea jina la Frankenstein, kana kwamba ni maiti iliyoshonwa kwa vipande. Sisi tuliusoma tukaona si maiti bali ni sentensi ya Kibantu. Kiambishi hakikai juu ya nomino peke yake. Kinarudiwa katika majina ya klasi, katika fanksheni, na katika kila mahali tafsiri inapoombwa, kama vile vi- inavyorudi katika vitabu vyangu vile viwili vimepotea. Na kwa kuwa Moodle yenyewe ndiyo inayotafuta majina hayo, kiambishi si pambo: kikikosekana, kitu hakionekani.

Hata yale yaliyopotoka ndani ya Moodle yamepotoka kwa namna tunayoijua. Shughuli za mod_ ndizo za zamani zaidi, nazo zimebaki bila kiambishi mahali fulani: faili ya maneno ya jukwaa la majadiliano huitwa forum.php, si mod_forum.php, na fanksheni zake za msingi huanza na forum_ tu. Ni kama rafiki na baba, maneno yaliyowahi kukaa nyumbani kabla ya sheria kuandikwa. Zaidi ya hayo, Moodle ilikuwa na jozi inayofundisha hasa lile tunalolitaka: lib.php huitwa na Moodle kutoka nje, na locallib.php ni ya matumizi ya ndani ya programu-jalizi yenyewe. Neno moja, local, linatenga jina lililofungwa na lililo huru. Tangu toleo la 2.6 la mwaka 2013, lililoleta folda ya classes ambamo klasi hupatikana zenyewe kwa kufuata majina, watunzi wanahimizwa kuhamia huko, na locallib inafifia. Tunaona ni hasara kidogo.

Njia hiyo ya klasi kupatikana kwa jina ndiyo inayotetewa pia na kanuni iitwayo PSR-4, iliyokubaliwa Desemba 2013 na kikundi cha PHP-FIG. Jina la faili huwa ndilo jina la klasi, herufi kwa herufi, kubwa kwa kubwa. Wapo wanaosema kiolezo cha WordPress kimepitwa na wakati kwa kutofuata kanuni hiyo. Hatukubaliani nao moja kwa moja. Wanafunzi wetu huandika kwenye kompyuta za Windows, ambazo hazitofautishi Kamusi.php na kamusi.php, kisha hupeleka kazi kwenye seva za Linux ambazo hutofautisha. Desturi ya WordPress, ambayo hugeuza klasi Plugin_Name_Admin kuwa faili ya herufi ndogo tupu zenye vistari, huwaepusha na aibu hiyo. Bei yake ni kwamba jina moja lina sura mbili, na mtu hana budi kujua kwamba kistari cha chini hugeuka kistari cha kawaida, kama vile mu- inavyogeuka mw- mbele ya irabu. Bei hiyo tunaimudu.

Katika toleo jipya la kamusi yetu tumefanya hivi. Majina yote yenye mwitaji wa nje yameachwa yalivyo: uninstall.php na index.php. Jina la faili kuu tulilichagua mara moja kabla ya kuwasha, na halibadiliki tena. Yaliyo huru yote yametafsiriwa: folda za usimamizi, wageni na pamoja, na ndani yake klasi-kamusi-kipakizi.php na wenzake. Tulitegemea kuona karaha ya kuchanganya lugha mbili. Badala yake mchanganyiko umekuwa alama tuliyoikosa: mwanafunzi akiona jina la Kiingereza katika furushi letu, anajua kuna mtu nje ya mlango anayelitafuta. Hatudai kwamba njia hii itafaa kwa Wafaransa au Wajerumani, huenda ingefaa. Tuliongeza pia jaribio: kabla ya programu-jalizi kutumiwa na watu, huwekwa majina ya uongo, hufutwa, na mtu mwingine hufungua hifadhidata kuona kama majedwali yameondoka.

Limebaki jambo moja ambalo semina haijaafikiana. Katika folda ya languages kiolezo huweka faili ya maneno ya kutafsiriwa, na tafsiri yenyewe hupewa jina la programu pamoja na alama ya lugha. Kwa Kiswahili WordPress huijua alama sw. Lakini katika orodha ya kimataifa ya ISO 639-3, Kiswahili, chenye alama swa, kimegawanywa kuwa swh, cha pwani, na swc, cha Congo. Wanafunzi wanataka faili yetu iishie kwa swc, kwa kuwa maneno yaliyomo ni ya Katanga na si ya Unguja. Wana haki kama wanaisimu. Ila jina hili nalo ni la aina iliyofungwa na kukaa kimya: tovuti iliyopangwa kwa sw haitatafuta swc, na ukurasa utatoka kwa Kiingereza bila neno la lawama. Kwa sasa faili inaishia kwa sw, na tofauti za Katanga zimewekwa ndani yake. Upande wa pili unasema tovuti yenyewe ipangwe upya ili itafute swc. Wasomaji wenye uzoefu wa jambo hili, hasa wenzetu wa Bukavu na Kisangani, wanaombwa kutuandikia.